Ukoka wa kubandika: kazi kubwa iko chini yake

Nyumba mpya ikiisha kujengwa Dar es Salaam, kinachobaki uani ni kifusi: mabaki ya zege, vipande vya tofali, kokoto, na mchanga ulioshindiliwa na malori miezi yote ya ujenzi. Juu ya hapo ndipo wengi hutaka ukoka ubandikwe Ijumaa ili wageni wa Jumapili wakute kijani. Kijani watakikuta kweli, kwa kuwa kila kipande huja na udongo na unyevu wake. Akiba hiyo ni ya siku chache tu. Mizizi isipopenya ardhini, kingo zinaanza kukauka na madoa ya kahawia yanafuata.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika kwenye ua mmoja wa Tegeta, wa kama mita za mraba 100, inastahili kuchambuliwa. Fundi alitoka jasho zaidi kabla ukoka haujafika. Kifusi kilitolewa kwa toroli, ardhi ikapigwa sururu na jembe hadi sentimita 15, kisha ikasawazishwa kwa reki na kuinamishwa kidogo kutoka ukutani, maji ya masika yasije yakaelekea kwenye msingi.

Kilichonivutia zaidi ni alivyoushughulikia udongo. Vipande vilitoka kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, ambao hushikana vizuri wakati wa kukata. Ua wenyewe ni mchanga, kama sehemu kubwa ya pwani. Watu hudhani mfinyanzi juu ya mchanga ni faida tupu. Kumbe maji hayatoki kirahisi kwenye vitundu vidogo vya mfinyanzi kuingia kwenye vitundu vikubwa vya mchanga. Hukaa juu mpaka tabaka lile lilowe kabisa, na mizizi, kwa kuwa hufuata maji, nayo hubaki humo humo. Baada ya miezi unashika pembe ya kipande na kinanyanyuka chote. Fundi huyu alichanganya udongo tifutifu na samadi iliyooza kwenye mchanga, ili mizizi isikutane na mpaka wa ghafla. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi yote ilipofaulu.

Ukoka ulikatwa alfajiri ukabandikwa siku hiyo hiyo. Vipande vikirundikwa muda mrefu hupata joto katikati ya rundo na kugeuka njano, na kwa jua letu hilo halichukui muda. Alianza kwenye ukingo ulionyooka wa kibaraza, viungo vikipishana kama vya tofali, kingo zikigusana bila kupandana. Kisha akaviringisha pipa lenye maji juu yake ili kutoa hewa iliyonaswa chini, kwa sababu mzizi unaoning'inia hewani hukauka. Chini ya mwembe hakuweka ukoka hata kipande, akapanda nyasi za Pemba, maana ukoka hauvumilii kivuli.

Maji yalifuata papo hapo. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo milimita 6 kwenye ua huu ni lita 600, zaidi ya nusu ya tangi la lita 1,000, na wiki mbili za mwanzo kiasi kama hicho huhitajika karibu kila siku. Asiye na maji ya uhakika asubiri mvua. Mizizi ikishika, siku za kumwagilia zinapunguzwa lakini maji ya kila umwagiliaji yanaongezwa, yafike chini zaidi. Kufyeka kwa mara ya kwanza kulingoja hadi vipande vikatae kuvutika kwa mkono, na hata hapo kilichokatwa hakikuzidi theluthi ya urefu wa jani.

Ukiletewa bei ya kazi ya namna hii, soma kwanza mstari wa kutoa kifusi na kuandaa udongo. Usipokuwepo, usilipe, mwambie fundi aandike upya.