Mwangwi wa Kariakoo

Katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Wi-Fi ina adui asiyeonekana: mwangwi. Wimbi la redio likitoka kwenye ruta halifiki kwenye simu mara moja tu. Linafika lenyewe, linafika tena likiwa limegonga ukuta wa zege, kisha tena likitokea kwenye mlango wa chuma wa duka la jirani. Nakala zilizochelewa huipanda alama inayofuata, yaani kifungu kinachofuata cha ujumbe, na kuuvuruga. Kadiri unavyozifululiza alama, ndivyo zinavyozidi kupandana.

Waliotunga kiwango cha Wi-Fi cha 802.11a mwaka 1999 walipata jibu ambalo kila nikilifikiria nawaheshimu upya: ili data iende kasi, walipunguza mwendo. Badala ya kukimbiza lori moja katikati ya Mtaa wa Kongo, waligawa mzigo kwenye mikokoteni 48 inayokwenda sambamba, taratibu. Chaneli moja ikakatwa vipande 48 vya kubebea data, na kila alama ikapewa mikrosekunde 4 hewani. Humo humo wakatenga 0.8 ya kungoja mwangwi upite. Kwa kitambo hicho redio husafiri mita 240 hivi, kwa hiyo hata wimbi lililozunguka maghorofa kadhaa huwahi kufika kabla halijaharibu kitu.

Na hesabu yake inapendeza. Kila kipande hubeba biti 6, jumla 288. Robo ni akiba ya kusahihisha makosa. Zinabaki 216 kwa kila mikrosekunde 4, yaani megabiti 54 kwa sekunde. Kiwango cha kwanza, cha 1997, kiliishia 2.

Mwaka 2009, mwaka ule ule mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, 802.11n ikaanza kuutumikisha mwangwi wenyewe. Antena kadhaa hutuma mikondo tofauti kwa pamoja, katika masafa yale yale. Kwa kuwa kila mkondo umegonga kuta kwa njia yake, mpokeaji huitenganisha kwa hesabu. Kuta zile zile!

Viwango vipya hubeba hadi biti 12 kwa kila kipande, lakini hapo mpokeaji hutofautisha alama 4,096, na hilo linahitaji hewa safi. Ghorofa lenye ruta kila mlango halina hewa hiyo. Kwa hiyo fundi makini wa Kariakoo hupima kwanza, kabla ya kutoboa ukuta. Kwenye gigahezi 2.4 huchagua kati ya chaneli 1, 6 na 11, zisizoingiliana, na huiacha chaneli iwe nyembamba, megahezi 20, hata kama boksi la ruta limeahidi zaidi.