Mavazi ya Baiskeli za Milimani na Mavazi ya Skii: Uhakiki wa Ulinganisho wa Bei

Waendeshaji wa baiskeli za milimani huko Marekani, Kanada na Ulaya wana lalamiko moja wanalolirudia kila mwaka bei mpya zinapotoka. Wanasema kwamba mchezo wao, ambao zamani ulikuwa wa watu wa kawaida, sasa unamgharimu mtu kuliko skii. Kaptura, jezi, viatu, glavu, kinga za magoti na kofia ngumu, vyote vimepanda hadi kuupita mchezo ambao tangu hapo ulijulikana kuwa wa wenye fedha. Makala haya yanalihakiki lalamiko hilo. Nitaonyesha kwamba lina ukweli ndani yake, lakini limepigiwa hesabu mbaya. Nitaonyesha pia kwamba hesabu hiyo mbaya inatuhusu hata sisi tulio Rwanda, mahali ambapo theluji haianguki lakini baiskeli haikosekani barabarani.

Msomaji asiyeijua michezo hii anahitaji maelezo mafupi. Katika skii, mtu hufunga miguuni vipande viwili virefu na vyembamba, akateleza kushuka mlima wenye theluji. Baiskeli ya milimani ni ile yenye tairi pana zenye meno, breki kali na foku inayobonyea, iliyoundwa kupita kwenye mawe, mizizi na matope. Michezo yote miwili hutaka mteremko, na yote huvunja mifupa. Kwa sababu hiyo mavazi yake si mapambo matupu. Hapo ndipo ulinganisho unapoanzia, na hapo hapo ndipo unapoanza kupotoka.

Tuanze na historia, kwa kuwa walalamikaji huitumia sana. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walikusanya baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wakazirekebisha na kuteremka nazo vilima vya kwao. Mwaka 1976 walianzisha mashindano kwenye njia moja karibu na mji wa Fairfax waliyoiita Repack. Jina hilo lilitokana na breki za kukanyaga za gurudumu la nyuma. Zilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, na baada ya kushuka ilibidi kufungua kitovu cha gurudumu na kujaza grisi upya. Walivaa suruali za jinzi, mashati mazito na viatu vya kazi. Hapakuwa na duka la mavazi ya mchezo huo, maana mchezo wenyewe haukuwa bado na jina.

Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini hupendwa kukatwa hapo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza Stumpjumper, mojawapo ya baiskeli za milimani za kwanza kutengenezwa kwa wingi. Bei yake ilikuwa dola 750. Kwa thamani ya fedha ya leo, hizo ni zaidi ya dola 2,500. Ilikuwa na fremu ya chuma, haikuwa na foku ya kubonyea wala breki za diski. Leo, kwa dola kati ya 750 na 1,000, mnunuzi wa Marekani hupata dukani fremu ya alumini, foku inayobonyea na breki za diski zinazofanya kazi kwa mafuta. Maana yake ni kwamba baiskeli ya kuanzia haikupanda bei. Ukiondoa kushuka kwa thamani ya fedha, imekuwa rahisi na bora zaidi.

Basi ni nini kilichopanda? Kilichopanda ni dari. Baiskeli za juu kabisa, zenye fremu za kaboni na gia zinazobadilishwa kwa umeme, huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Sakafu imeshuka na dari imepaa, na nafasi katikati imekuwa kubwa. Mavazi yamefuata njia hiyo hiyo. Kaptura ya kawaida ya mazoezi bado ipo na bado inafaa, lakini kando yake imewekwa kaptura ya dola 100 na zaidi iliyoandikwa kuwa ni ya milimani. Anayelalamika hulinganisha bei ya dari ya leo na bei ya sakafu ya zamani. Huo ni udhaifu wa kwanza wa hoja yake.

Udhaifu wa pili ni kwamba ulinganisho huangalia nguo na kusahau mlango. Skii nayo ilianzia chini. Sondre Norheim wa Telemark, Norwei, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa skii ya kisasa, alikuwa mkulima maskini asiye na shamba lake mwenyewe, na mwaka 1884 alihamia Marekani kama walivyofanya maskini wengi wa nchi yake. Alipanda mlima kwa miguu yake, hakumlipa mtu. Gharama ziliingia pale mlima ulipowekewa mashine za kupandisha watu. Leo tiketi ya lifti ya siku moja katika mlima wa Vail, Colorado, ikinunuliwa papo hapo wakati wa msimu, inaweza kuzidi dola 300. Kampuni hiyo hiyo ilianzisha mwaka 2008 tiketi ya msimu mzima, Epic Pass, kwa dola 579. Anayelipa mapema na kuja mara nyingi hupata nafuu kubwa. Mgeni wa siku moja, au mzazi anayetaka mtoto aonje tu, hukamuliwa.

Baiskeli ya milimani kwa kawaida haina mlango wa namna hiyo. Njia nyingi hupita katika misitu ya umma na kuingia ni bure. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Njia hizo hulimwa, huwekewa mifereji ya maji na kutengenezwa kila baada ya mvua na watu wanaojitolea mwisho wa juma kwa majembe yao. Mwendesha baiskeli anayesema amelipa kuliko mwana skii amehesabu risiti za duka, akasahau kwamba mlima amepewa bure. Hata hivyo nakubali kwamba tofauti hiyo inapungua. Katika vituo kama Whistler, Kanada, lifti zilizojengwa kwa ajili ya skii hupandisha baiskeli wakati wa kiangazi, na huko mwenye baiskeli hulipa tiketi vilevile. Kama kuna mahali ambapo baiskeli inaufuata mkondo wa skii, ni hapo langoni, wala si kwenye bei ya kaptura.

Udhaifu wa tatu uko upande wa pili, na hapa walalamikaji wana haki kuliko wao wenyewe wanavyojua. Bei ya kitu huhesabiwa pamoja na muda kitakaodumu. Mwana skii wa kawaida huvaa koti lake siku chache kwa mwaka, kisha likatundikwa kabatini. Theluji ni laini na ni safi. Mwendesha baiskeli hutoka wiki kwa wiki, na mchanga uliochanganyika na maji hula cheni, pedi za breki na kitambaa vilevile. Akianguka, huanguka juu ya mawe, na glavu ikichanika haishoneki ikarudi kuwa kinga.

Ushahidi wa jambo hili nimeuona hapa kwetu. Nguo za mitumba sisi huziita caguwa, neno lililotokana na kitenzi cha Kiswahili "chagua". Serikali ilipandisha ushuru wake mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, lakini nguo zilizoingia kabla ya hapo bado zinavaliwa. Nenda Musanze alfajiri, baridi ya milima ya volkano ikiwa imeshuka, uwaangalie madereva wa pikipiki. Utaona makoti manene ya skii, mengine yakiwa na kipete kidogo kwenye zipu ambacho mwenye koti wa kwanza alifungia tiketi yake ya lifti. Yamevaliwa Ulaya au Marekani, yamevuka bahari, na bado yanamkinga mtu na upepo. Kinga za magoti za baiskeli ya milimani sijaziona sokoni hata mara moja. Nadhani sababu ni kwamba hazimalizi safari. Huisha zikiwa bado kwa mwenyewe. Kwa hiyo mavazi ya baiskeli yanaweza kuwa na bei ndogo dukani na bado yakawa ghali zaidi kwa mwaka.

Kwenye vifaa, uchakavu una mshirika, nao ni mabadiliko ya vipimo. Kwa miongo mitatu baiskeli za milimani zilitumia magurudumu ya inchi 26. Ndani ya miaka michache baada ya mwaka 2010, viwanda vilihamia inchi 27.5 na 29. Ekseli zikapanuliwa na gia zikabadilishwa. Mwenye baiskeli nzima na imara akajikuta hapati tena rimu au foku ya kiwango kizuri ya kuifaa. Hapo siyo bei iliyopanda. Ni baiskeli iliyozeeshwa ikiwa bado nzima. Mabadiliko mengine yalikuwa na faida ya kweli, kwa maana gurudumu kubwa huvuka mawe kwa urahisi. Lakini mengine yalikuwa ya milimita chache, na yalitangazwa kwa kelele nyingi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nashauri methali hiyo ibandikwe katika kila duka la baiskeli.

Sasa tuingie katika jambo ambalo nadhani ndilo kiini. Tunaposema "mavazi na vifaa", tunatia katika kapu moja vitu vya aina mbili. Kuna vinavyolinda mwili, kama kofia ngumu, kinga za magoti, miwani na breki nzima. Na kuna vinavyotangaza kwamba mvaaji ni mwenzetu, kama jezi ya rangi ya mwaka huu na kaptura yenye jina la kampuni. Aina ya kwanza ikipanda bei, mtu anaweza kufa. Aina ya pili ikipanda bei, mtu anaona haya. Lalamiko la waendeshaji halitofautishi mambo haya mawili, nao wauzaji hufaidika na mkanganyiko huo, kwa kuwa huweza kuuza haya kwa bei ya usalama. Kwenye skii mpaka huo hauko wazi sana, maana pale koti lenyewe ni kinga: bila joto mtu hawezi kukaa mlimani. Kwenye baiskeli mpaka uko wazi kabisa. Wale wa Repack walishuka na jinzi, na jinzi haikuwa kosa lao. Kosa lao lilikuwa kushuka bila kofia.

Haya yanaihusu nchi yetu kwa njia ya moja kwa moja. Tom Ritchey, aliyekuwa mmoja wa mafundi wa mwanzo wa baiskeli za milimani kule California, alifika Rwanda mwaka 2005. Aliona watu wakisafirisha mizigo kwa baiskeli za chuma na kwa vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, vinavyofanana na chukudu za ndugu zetu wa Goma. Fundi huyo, aliyezoea kuunda fremu nyepesi kwa wateja wenye fedha, akabuni baiskeli ndefu ya chuma ya kubebea buni, kwa sababu matunda ya kahawa yakicheleweshwa njiani hupoteza ubora. Mkono uleule uliojua dari ulijua pia kuunda sakafu. Miaka saba baadaye, Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda katika Michezo ya Olimpiki ya London 2012 na kushindana katika baiskeli ya milimani, akamaliza wa 39. Alifika huko kwa miguu na mapafu yake, lakini pia kwa sababu kulikuwa na waliompa vifaa.

Na hapo ndipo penye hatari. Kijana wa Musanze anayepandisha magunia ya viazi kilimani kwa baiskeli ya Phoenix ana nguvu ambazo wengi wa Colorado hawana. Akiona picha za mchezo huu, haoni njia wala kilima, kwa sababu hivyo anavyo. Anaona mavazi. Anajifunza kwamba baiskeli ya milimani ni ya watu fulani, naye si mmoja wao. Hivyo ndivyo skii ilivyomtoka mkulima wa Telemark: mwanzoni hakukatazwa na mtu yeyote, ila ilijengeka sura ya mwana skii isiyofanana naye.

Kwa kuhitimisha, hoja kwamba mavazi ya baiskeli za milimani yamekuwa ghali kuliko ya skii ni kweli kwa anayenunua vya juu na kuvichakaza haraka. Si kweli kwa anayeanza, na si kweli hata kidogo ukihesabu tiketi ya lifti. Ningewashauri waendeshaji waache kulinganisha makoti, wadai mambo matatu: vipuri vya baiskeli za zamani viendelee kutengenezwa, njia za umma zibaki bure, na kofia nzuri iuzwe kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu. Kwa upande wetu, vyama vya baiskeli vinavyopokea misaada vingefanya vizuri kuomba kofia na pedi za breki kwanza, na jezi baadaye. Kijana anaweza kushuka mlima na fulana ya nyumbani akarudi salama. Bila breki, hata jezi ya bingwa haitamsaidia.