Jina na Kitu: Lugha katika Kipindi cha Krismasi cha "Yes Minister"

Aghalabu "Yes Minister", mchezo wa kuchekesha wa Antony Jay na Jonathan Lynn ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 1980, huhakikiwa kama tashtiti ya utawala: waziri asiyejua anaongozwa na katibu anayejua. Mtazamo huo hauna kosa. Hata hivyo, kipindi maalumu cha Krismasi kiitwacho "Party Games", kilichotangazwa tarehe 17 Desemba 1984 na chenye urefu wa saa moja badala ya nusu saa ya kawaida, chadai kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Shabaha yake hasa ni uhusiano wa jina na kitu, pamoja na swali la nani aliye na mamlaka ya kutoa jina.

Onyesho la mwanzo laweza kudhaniwa kuwa pambo la msimu tu. Jim Hacker (Paul Eddington) ameketi mbele ya marundo ya kadi za Krismasi, na katibu wake binafsi, Bernard Woolley (Derek Fowlds), amekwisha kuzipanga mafungu mafungu: hizi zitiwe sahihi kwa jina la kwanza pekee, hizi kwa jina kamili, hizi kwa jina lake na la mkewe. Kwamba jamii ina ngazi za kuitana si jambo geni kwa msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika. Kichekesho ni kuwa ngazi hizo zimepangwa na mtu mwingine, na mwenye jina hana budi kuagizwa namna ya kujiita.

Njama yenyewe haihitaji maelezo marefu. Waziri Mkuu anastaafu ghafla. Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyekuwa akiongoza kampeni dhidi ya madereva walevi, amenaswa akiendesha gari hali amelewa. Wagombea wawili wanaobaki wanajiondoa baada ya Sir Humphrey Appleby (Nigel Hawthorne) kumfunulia Hacker siri zao. Kinachokosekana ni ushindi mmoja wa hadharani wa kumfikisha Hacker kileleni. Hapo ndipo soseji inapoingia.

Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya inataka soseji ya Kiingereza, kwa uchache wa nyama yake, isiitwe tena soseji. Jina linalopendekezwa, likielezwa kwa Kiswahili, ni kama hivi: mrija wa matumbo yaliyovurugwa rojorojo kwa mafuta mengi. Anayejaribu tafsiri hii atagundua jambo ambalo mtazamaji wa Kiingereza hupitiwa nalo. Katika Kiingereza sifa hutangulia nomino. Msikilizaji anapitishwa katika maneno mazito ya kimaabara, moja baada ya jingine, huku akingoja, na nomino inapoanguka mwishoni kicheko hulipuka. Katika Kiswahili nomino hutangulia, na kila kinachofuata huitii kwa upatanisho wa ngeli. Mrija umekwisha kuonekana kabla ya sifa kuja kuuficha. Si kwamba Kiswahili hakiwezi kuficha (yeyote aliyewahi kusoma waraka wa serikali anajua), bali huficha kwa njia nyingine, hasa kwa kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Mfasiri wa mchezo huu angelazimika kuhamisha kichekesho kutoka katika mpangilio wa maneno hadi katika maumbo ya kitenzi, na hiyo si kazi ndogo.

Yafaa ikumbukwe kwamba watunzi hawakutia chumvi sana. Ugomvi wa chokoleti ya Uingereza, ambayo huwa na mafuta mengine ya mimea mbali na yale ya kakao, ulidumu tangu nchi hiyo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 1973. Uhispania na Italia zilishikilia kuwa iuzwe kwa jina la kibadala cha chokoleti, mpaka Mahakama ya Ulaya ilipozikataza mwaka 2003.

Katika kipindi hiki ugomvi unamalizwa kwa neno moja. Kamishna Maurice anakubali kitu hicho kiitwe soseji ya Kiingereza. Basi tatizo limekwisha. Lakini tatizo ambalo halikujulikana halimpi mtu sifa likitatuliwa. Kwa hiyo Hacker anasimama mbele ya umma na kuapa kuitetea soseji dhidi ya Brussels, hali akijua kwamba vita vimekwisha kabla ya kuanza. Soseji yenyewe haiguswi tangu mwanzo hadi mwisho wa kisa. Ingali na mafuta na mabaki yale yale.

Ni katika hotuba hiyo ndipo udhaifu wa kipindi unapojitokeza. Hadhira ya studioni inacheka, lakini inamcheka nani? Hotuba imetungwa kwa ustadi mno: inapanda, inataja vipimo vya jadi vilivyokwisha kupotea, inagusa fahari ya mlaji wa kawaida. Anayeisikia aweza kumcheka Hacker mwongo, na papo hapo akakubaliana naye kuhusu Brussels. Watunzi hawakumwekea mtazamaji kizuizi chochote. Maurice hakupewa hoja hata moja ya maana, ingawa swali lake, yaani mlaji aambiwe nini juu ya anachokula, lilikuwa swali la haki. Tashtiti isiyompa mpinzani sauti hutumikia upande mmoja hata isipokusudia. Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliupenda mchezo huu waziwazi, na Januari 1984 aliigiza kijionyesho pamoja na Eddington na Hawthorne. Mlengwa alikwisha kujua kwamba mshale haumdhuru. Haiwezi kudaiwa kuwa soseji ya 1984 ndiyo iliyoamua kura ya 2016, ambayo Waingereza walijitoa kwayo katika Umoja wa Ulaya. Lakini namna ya kusema iliyotumiwa na Hacker kwa mzaha ilitumiwa na wengine bila mzaha.

Lasalia suala la anwani, kwani kipindi hiki ndicho daraja la kuingilia "Yes, Prime Minister", mfululizo ulioanza Januari 1986. Katika Kiingereza cheo pekee chatosha kuwa heshima, na kinaya kimejificha katika neno la kukubali. "Ndiyo, Waziri Mkuu" katika Kiswahili cha Kenya ni pungufu, karibu na utovu wa adabu; na "Naam, Mheshimiwa Waziri Mkuu" imejaa heshima kiasi kwamba kinaya chaonekana toka mbali. "Ndiyo, Mzee" ingemfaa Sir Humphrey zaidi, ingawa cheo chenyewe kimetoweka.