Kabati Lenye Mlango wa Hewa

Ukipita Keko, Dar es Salaam, makabati ya TV yamepangwa nje mpaka ukingoni mwa barabara, vanishi inang'aa juani, mengine vioo vyake bado vimevikwa nailoni. Maswali ya mteja yanajulikana: itaingia TV ya inchi ngapi, hii ni mninga au MDF, droo ngapi, na bei ya mwisho. Fundi wa kawaida huyajibu hayo, mkakubaliana, akapokea malipo ya awali. Fundi ninayemsifu hapa huanza na swali lake mwenyewe: "Ndani utaweka nini?" Ukimwambia king'amuzi tu na redio, haridhiki. Anataka kujua kama redio hiyo ina sabufa au amplifaya ya peke yake, kama watoto wana PlayStation, ruta ya intaneti itakaa wapi, na kama milango mnaifunga mkiwa mnatazama. Majibu anayaandika kwa penseli nyuma ya kipande cha plaiwudi. Baada ya hapo ndipo anashika futi.

Swali hilo lina uzito zaidi kuliko linavyosikika. Tangu Dar es Salaam izimiwe matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa mkazi wa karibu kila sebule yenye TV, na vingine vimekifuata. Kila kimoja kinakula umeme, na karibu umeme wote kinaoula unaishia kuwa joto. King'amuzi hula wati 10 hadi 20. Amplifaya ya nyumbani inaweza kula 50 na zaidi hata ikipiga taratibu. Mashine ya gemu ya siku hizi hufika 200 mchezo ukikolea. Viweke vyote juu ya meza, joto lake litapotea chumbani bila mtu kujua. Vifungie ndani ya mbao, mambo yanabadilika, maana mbao hupitisha joto kwa shida sana.

Chukua kabati la urefu wa sentimita 120, kina 45 na kimo 50, la mbao ya milimita 18, limezibwa pande zote na kusukumwa mpaka ukutani. Weka ndani vifaa vya wati 100. Kwa hesabu ya kukadiria, joto la ndani litatulia nyuzi 15 hadi 20 juu ya lile la chumbani. Mchana wa Februari sebule ikifika nyuzi 32, ndani ya kabati inakaribia 50. Soma sasa kile kijitabu kinachokuja na kifaa: vingi vimetengenezwa kufanya kazi mahali pasipozidi nyuzi 35 au 40.

Joto la namna hiyo haliui kwa siku moja. Linakula pole pole, na kinachotangulia kuliwa mara nyingi ni kapasita, zile zenye umbo la kopo dogo, ambazo ndani zina kimiminika. Mafundi wa elektroniki wana kanuni yao: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, umri wa kapasita hukatika nusu. Iliyotengenezwa kuhimili saa 2,000 katika nyuzi 105 hutarajiwa kufika saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65, na saa 16,000 ikikaa kwenye 75. Kwa nyumba inayowasha TV saa nane kwa siku, hiyo ni miaka 11 dhidi ya mitano na nusu. Mwenye kuchagua kati ya hesabu hizo mbili ni seremala, mtu wa randa na patasi, tena anachagua kabla kifaa chenyewe hakijanunuliwa.

Kanuni anayoifuata ni ya jiko la mkaa: hewa baridi iingie kwa chini, ipite penye moto, itokee juu. Ugumu uko kwenye vipimo. Kabati la kimo cha sentimita 50 lenye vifaa vya wati 50, ikiwa hewa inayotoka isizidi ya chumbani kwa zaidi ya nyuzi 10, linadai uwazi wa karibu sentimita za mraba 170 chini, na mwingine kama huo juu. Ni pengo la sentimita 4 kwa 43. Makabati mengi ya barabarani yana matundu mawili ya duara mgongoni, sentimita 6 kila moja, ambayo muuzaji huyataja kwa fahari kuwa ni ya hewa. Kwa pamoja hayazidi theluthi ya uwazi unaotakiwa, tena ndimo zinamopita waya zote. Zikishaingia waya tano na plagi zake, hewa imebaki mlangoni.

Lakini nani atakubali kabati lenye ufa wa sentimita 4 usoni? Hapo ndipo penye ustadi ninaoupenda. Uwazi wa chini fundi anaukata kwenye sakafu ya kabati, karibu na mlango, kisha analiinua kabati lote kwa miguu ya sentimita 10. Aliyesimama mbele haoni kitu. Uwazi wa juu anauweka mgongoni: ubao wa nyuma unaishia sentimita 4 kabla ya kufika juu, upana wote. Hewa ikiingia mbele chini na kutoka nyuma juu, inalazimika kukatiza kabati zima, haina njia ya mkato. Rafu hazigusi mgongo. Kila moja imepunguzwa sentimita 4 kwa nyuma ili joto lipande bila kugonga dari. Amplifaya anaipangia rafu ya juu, na juu yake anaacha sentimita 10 tupu, ili joto lake lisimpitie mwenziwe.

Kisha kuna vibao viwili vidogo mgongoni, vimetokeza sentimita 6, ambavyo mtu asiyejua atadhani vimesahauliwa. Fundi anajua kwamba siku ya kufagia kabati litasukumwa mpaka ligonge ukuta, na mdomo wa juu utazibwa. Vibao vile ndivyo vitakavyogonga badala yake. Hamwombi mwenye nyumba akumbuke chochote, amekwisha kumkumbukia.

Milango ni kazi ya siku nyingine. Anachana mninga kuwa papi za upana wa sentimita 3 na unene wa milimita 8, anazipiga randa moja moja mpaka zilingane, kisha anazipandisha kwenye fremu zikiwa zimelala, ukingo wa nje chini, wa ndani juu. Kila papi ina kitanda chake kilichochongwa kwa patasi. Ili mlalo usibadilike anatumia kipande cha plaiwudi alichokikata pembe mara moja, na hicho ndicho kinachopita kitanda kwa kitanda kuanzia juu hadi chini, alama ya penseli, patasi, pigo mbili za nyundo, vumbi linapulizwa. Kati ya papi na papi kuna sentimita moja. Ukikaa kochini unaona mbao tupu, mistari iliyonyooka. Hewa inaona milango ishirini. Na kwa kuwa miale ya rimoti haipenyi ubao lakini hudunda na kupita kwenye mapengo, king'amuzi kinasikia amri milango ikiwa imefungwa.

Mteja mmoja, mama wa makamo, aliinama akaingiza kidole kati ya papi. "Fundi, huku si mende watahamia?"

"Mama, mende hahitaji pengo kubwa hivi," fundi alisema bila kuacha msasa. "Milimita 3 zinamtosha, na hizo hakuna kabati lisilokuwa nazo. Yeye anafuata joto na giza. Mimi joto namwondolea, giza muachie."

Mama alicheka, ila aliomba wavu wa mbu. Fundi hakubishana. Anajua kwamba wavu hubana hewa, na vumbi likishakaa hubana zaidi, kwa hiyo aliupanua uwazi wa chini kwa nusu yake na kuufunga wavu kwa skrubu nne, uweze kutolewa, kuoshwa na kurudishwa.

Wati zikifika 200, mapengo peke yake hayatoshi. Kuondoa joto hilo bila hewa kuzidi nyuzi 10 kunataka lita 17 za hewa kila sekunde, yaani mita moja ya ujazo kila dakika. Hapo inaingia feni ya kompyuta, ya milimita 120, na hata hiyo ina adabu zake. Inakaa juu, ikivuta hewa ya moto kuitoa nje. Inachaguliwa kubwa ili izunguke taratibu, kwa sababu feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takribani desibeli 15, wakati hewa inapungua nusu tu. Kati ya feni na mbao kuna vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, vya kumeza mtetemo, la sivyo kabati zima litavuma usiku. Umeme wake, ikiwa ni feni ya volti 5, unatoka kwenye soketi ya USB ya TV yenyewe. Kwa TV nyingi, ikiwaka feni inaamka, ikizimwa inalala, hakuna swichi ya kukumbuka.

Kabla ya kukabidhi, kazi inajaribiwa, na jaribio lenyewe ni la kipwani kabisa. Vifaa vinawashwa, milango inafungwa, watu wanaachwa watazame mpira kwa saa nzima. Kisha fundi anawasha kijiti cha udi, anapiga goti na kukishika chini ya kabati, karibu na uwazi. Moshi ukipanda wima na kuzubaa, kuna mahali pamezibwa. Siku niliyoshuhudia, uzi wa moshi ulipinda, ukaingia ndani kana kwamba umeitwa, na baada ya muda mfupi harufu ikatokea nyuma ya kabati. Kisha akaweka kiganja kwenye uwazi wa juu, akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa kukubali. Jambo la mwisho alilofanya ni kuondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika king'amuzi, matundu yake yote chini ya maua ya uzi mweupe. Alikikunja vizuri na kukitandika juu ya kabati, kwenye ubao mtupu, ambako kinapendeza na hakidhuru. Mwenye nyumba hakununa.

Fikra hii si ngeni mwambao. Veranda za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimezungushiwa viwambo vya mbao vilivyotobolewa, ambavyo huruhusu upepo na kuzuia jicho la mpita njia. Kiti cha enzi cha Waswahili kina mgongo uliosukwa kwa nyuzi ndani ya fremu ya mbao, na mgongo wa mwenye kukikalia hupata hewa. Seremala wa pwani amejua tangu zamani kwamba mbao inaweza kusitiri bila kuziba. Wa Nairobi ana msaada wa baridi, ingawa kule juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, nayo hubeba joto pungufu. Bado mapengo anayahitaji.

Tatizo la ustadi huu ni kwamba dukani hauonekani. Dukani kila kabati ni tupu, na kabati tupu halipati joto. Lenye njia ya hewa na lisilo nayo yanasimama pamoja juani, vanishi moja, bei zikipishana kidogo, na lile lililozibwa ndilo hata linaonekana safi zaidi. Fundi mzuri anauza kitu ambacho mteja atakijua baada ya miaka, tena kwa kutotokea jambo lolote: king'amuzi hakikuzima katikati ya taarifa ya habari, amplifaya haikukata sauti harusini kwa jirani. Hakuna anayerudi Keko kumshukuru seremala kwa hilo. Kwa hiyo ukienda kununua, vishikio na rangi viangalie baadaye. Omba kabati ligeuzwe, utazame mgongo. Aliyeufanyia kazi upande ambao hakuna mgeni atakayeuona, huyo mlipe anachotaka.