Mkuki wa Kimasai: Anza Kutazama Shingoni

Mtu akiletewa mkuki wa zamani, jicho hukimbilia bapa. Atapapasa makali, atasifu kutu, kisha atasema ni wa vita. Mimi huanza shingoni, pale chuma kinapomeza mti. Hapo ndipo mhunzi wa mkuki wa kumkabili simba na fundi wa mkuki wa kutundika ukutani walipoachana njia.

Mkuki wa morani ulioenea tangu mwishoni mwa karne ya 19 una sehemu tatu: bapa refu jembamba mbele, kipande kifupi cha mti cha kushikia katikati, na mchokoo mrefu wa chuma nyuma. Mchokoo ule si pambo. Unafidia uzito wa bapa, ili mkuki utulie mkononi badala ya kuinamisha kichwa. Basi laza mkuki juu ya kidole, kwenye mti. Wa kazi hutulia. Wa mapambo mara nyingi huangukia upande mmoja, maana aliyeutengeneza aliangalia urefu na mng'ao tu.

Wahunzi wa Kimasai, Ilkunono, walifua bapa na shingo kutoka chuma kimoja. Sehemu ya chini waliiponda ikatandazika, wakaikunja ikawa mrija, na pale kingo zilipokutana ukabaki mshono. Utafute mshono huo kwa ukucha. Kwenye mkuki wa watalii utakuta kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye bapa, kovu likasagwa kwa mashine na kupakwa rangi. Mara nyingi kuna hesi pia, ili mkuki ufunguliwe vipande vitatu uingie kwenye sanduku la safari. Hesi ile haikukusudiwa kubeba uzito wa mnyama anayejipinda.

Juzi nilikuwa na mikuki miwili mezani. Mmoja ulikuwa mweusi, wa kuvutia kweli, lakini bapa lake lilikuwa na unene uleule tangu shingoni hadi nchani: bati lililokatwa kwa umbo la mkuki. Wa pili ulikuwa umechakaa. Mgongo wa katikati ulianza mnene shingoni, ukapungua taratibu hadi karibu na ncha, na nilipouinua dirishani mwanga ulivunjika juu ya alama za nyundo. Makali yake hayakuwa sawa pande mbili. Upande mmoja ulikuwa umeliwa na jiwe la kunolea. Kunoa kwa miaka mingi huacha bapa limepungua hivyo, na si rahisi kuigiza.

Kutu ndiyo inayodanganya wengi. Ya miaka mingi huwa nyeusi au kahawia iliyoiva, imeng'ang'ania vishimoni. Ya chumvi au asidi ni ya rangi ya chungwa, hutoka kama unga, na imesambaa kila mahali kwa usawa, hata ndani ya mikwaruzo ya jana.

Usiutupe mkuki kwa sababu chuma chake kinatoka kiwandani. Misafara ya pwani ilipeleka waya wa chuma bara katika karne ya 19, na wahunzi wakaufua. Baadaye wakafua hata springi za magari. Kinachotenganisha ni jinsi chuma kilivyofanyiwa kazi, na kwa kuangalia chuma kilikotoka tu, wanunuzi wengi wanajinyima mikuki halali.

Pambo nalo lisikutishe. Kibumba cha manyoya ya mbuni kwenye ncha kilikuwa ishara kwamba mwenye mkuki amekuja kwa amani, na kilivikwa juu ya chuma cha kazi. Nimeona mtu akikataa mkuki mzuri kwa ajili ya manyoya hayo. Yavue polepole, tazama ncha iliyofichwa chini yake, kisha rudi shingoni.