Paa Huhukumiwa Ukiwa Chini Yake

Majuzi watu walikusanyika kubariki nyumba mpya karibu na Kyumbi, na kila aliyepewa nafasi ya kusema alilisifu paa. Lilikuwa bati la kijivu kilichokolea, lisilo na mng'ao, limefichwa nyuma ya ukuta mfupi hadi nyumba ikaonekana haina paa kabisa. Mchungaji alilisifu, wajomba wakalisifu, kijana mmoja akarusha droni kulipiga picha. Chakula kilipopakuliwa, wageni hao hao walikuwa wameikimbia sebule, wamejibana chini ya mwembe, sahani mapajani, wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Basi nimeona niandike, maana Machakos inajaa mapaa mapya huku macho ya watu yakizidi kuharibika. Paa linasifiwa kwa rangi, kwa umbo la vigae, kwa jinsi linavyotokea kwenye simu. Anayejua kazi hatazami huko. Yeye huingia ndani, huomba ngazi, hupandisha kichwa juu ya dari, na hapo ndipo hukumu hutolewa.

Tuanze na jua, kwa kuwa ndilo adui mkuu. Machakos iko karibu nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta. Kuta zetu hupigwa na jua la asubuhi na la jioni, lakini mchana wenyewe hubebwa na paa, mwaka mzima. Adhuhuri isiyo na wingu, mita moja ya mraba hupokea karibu wati 1000; ni sawa na kupanga pasi za umeme zilizowashwa juu ya nyumba, moja kwa kila mita. Bati jeusi au la kijivu kilichokolea hunyonya karibu sehemu tisa kwa kumi za joto hilo. Bati jeupe lililo safi hurudisha angani zaidi ya nusu. Bati tupu la alumini na zinki, likiwa jipya, hurudisha jua vizuri, ila lile joto kidogo lililoingia huliachia kwa uchoyo, ndiyo sababu ukiligusa mchana linakuunguza.

Kwa hiyo mpangilio wa rangi ni huu, na sioni haja ya kuujadili: nyeupe kwanza, krimu ya pili, nyekundu ya matofali ya tatu kwa kuwa inaelewana na udongo wetu. Kijani kiachiwe shule. Kijivu cha makaa kinaweza kuvumiliwa kule juu Iveti, ambako Julai watu huvaa makoti hadi saa tano. Yatta, Matuu na Masinga, kijivu hicho ni kosa, hata kingekuwa cha bure.

Pili ni unene. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na namba ikipanda bati linapungua. Nyumba ya mtu ni geji 28. Geji 30 ni ya stoo na ya kanisa lenye haraka. Najua wengi wameezekea geji 30 na wanaishi, lakini kuishi si kipimo. Walaghai wa geji ninawafahamu kwa saa wanayoleta mzigo: lori hufika magharibi, fundi ameshaondoka, mama wa nyumbani anatia sahihi kwa mwanga wa simu. Maandishi nyuma ya bati husema 28, maikromita husema kingine. Kama huna maikromita, tumia mizani. Chuma bapa cha milimita 0.4 kina uzito wa karibu kilo 3.1 kwa mita ya mraba, cha 0.3 hakifikishi kilo 2.4. Wino hudanganya, kilo hazidanganyi. Kisha uliza gramu za kinga. Bati la alumini na zinki lenye gramu 150 kwa mita ya mraba litawaona wajukuu. Lenye 70 litakuona wewe tu, nawe kwa shida. Muuzaji asiyejua swali hilo lina maana gani, toka dukani kwake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ni karatasi ya fedha, ile foili inayotandazwa chini ya bati. Kila mwenye nyumba mpya sasa anaitaka, kila hadiwea inaiuza, na karibu kila mahali inawekwa vibaya na kusifiwa.

Foili haizuii joto kwa unene, kwa sababu haina unene. Kazi yake ni moja: uso wake wa alumini hukataa kutoa joto la mnururisho, katika mia hutoa tano hivi. Lakini ili ukataaji huo ufanye kazi, uso unaong'aa lazima utazame hewa. Ukiugusisha bati, joto halihitaji tena kuruka. Linapita moja kwa moja, chuma kwa chuma, na foili inakuwa sehemu ya bati. Umelipia kitu ambacho hakipo.

Kwa sababu hiyo, fundi wa kweli huilaza foili juu ya palini, zile mbao zinazobeba bati, na kuiacha ilegee. Kati ya palini na palini hushuka tumbo, sentimita mbili na nusu kwa uchache, tano ni bora. Bati linakuja juu yake na kuigusa pale tu penye mbao. Hapo katikati pana hewa. Upande unaong'aa hutazama chini, darini, kwa kuwa vumbi halitui kwenye uso unaotazama chini. Ukiutazamisha juu, kiangazi kimoja cha vumbi la Athi River kinatosha kuuzima. Na lile tumbo lina kazi ya pili. Usiku wa Julai bati hupoa kuliko hewa yenyewe, likatoa jasho upande wa ndani. Matone yakidondoka hupokewa na foili, hufuata mteremko, hutoka kwenye gata. Nyumba ngapi kule Mua zimetiwa lami juu kwa sababu ya “kuvuja” wakati wa ukungu, hali mvua haijanyesha kwa mwezi mzima!

Tatizo ni kwamba tumbo hilo halipendezi. Mtu asiyejua akitazama kutoka chini kabla dari halijafungwa huona karatasi imelegea, imekunjamana, akadhani fundi ni mvivu. Ile iliyovutwa hadi ikakazana, imenyooka na kumetameta, ndiyo anayoiita kazi safi. Namkumbuka mzee mmoja wa Mitaboni, fundi wa tangu enzi za msumeno wa mkono, aliyeamriwa na mwenye nyumba aikaze foili. Mzee hakubishana. Alishuka, akasafisha nyundo yake kwa kitambaa, akasema, “Kijana wangu, mimi nimeifunga kwa ajili ya joto. Ukitaka ya picha, tafuta mpiga picha.” Akaenda zake. Akaletwa mwingine, akaikaza ikakazika. Nyumba hiyo ipo, na feni yake haizimwi.

Walaghai wa foili ni aina mbili. Wa kwanza ni huyo anayekaza, naye mara nyingi ni mjinga tu. Wa pili ni mwizi hasa: anauza plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Inang'aa, ndiyo, lakini rangi ya fedha si alumini. Jaribio ni rahisi na halina gharama. Shika kipande mbele ya shavu, karibu sana bila kugusa, usubiri kidogo. Alumini halisi itakurudishia joto la uso wako mwenyewe, utalihisi shavuni. Plastiki itakaa kimya. Mafundi wazee hufanya hivyo dukani bila aibu, na wauzaji wanaojijua huanza kutafuta funguo za stoo.

Foili peke yake haitoshi, kwa sababu hewa ya darini nayo lazima itoke. Hewa yenye joto hupanda. Inataka kuingilia chini penye pindo la paa, na kutokea juu karibu na kofia ya paa au kwenye pembetatu za kuta za mwisho. Angalia nyumba za zamani za misheni na za reli: kwenye pembetatu kuna vibao vya mlazo au matundu yenye wavu wa kuzuia popo. Waliozijenga hawakuwa na kiyoyozi. Matundu ndiyo yaliyokuwa kiyoyozi. Leo pindo linazibwa kwa mbao zilizopigwa vanishi, pembetatu zinapigwa plasta zikawa laini, na nyumba inaitwa ya kisasa. Paa la kufichwa ndilo baya kuliko yote: ule ukuta mfupi unaziba pindo pande zote, mteremko umelazwa, na gata imewekwa ndani ya nyumba. Gata ikizibwa na majani mwezi wa Novemba, maji hayana pa kwenda ila sebuleni.

Mengine nayapitia haraka. Bati la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 3, kisha jioni hurudi. Ndiyo milio mnayoisikia magharibi. Mwendo huo wa kila siku hung'oa msumari polepole, kwa hiyo skrubu yenye mpira, na si msumari, hata kama fundi ananung'unika. Bati la mawimbi hufungwa mgongoni pa wimbi, kamwe si bondeni. Bati hukatwa kwa mkasi. Grinda huunguza kinga ukingoni, na vumbi lake la chuma hutua juu ya rangi, likashika kutu hata kabla ya mvua ya pili. Upepo wa kwetu kwa kawaida hutoka mashariki, basi mlalio huanzia upande wa machweo, ili ukingo wa bati la juu uupe upepo kisogo. Paneli za sola zipewe nafasi ya hewa chini yake, kwa kuwa kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.4.

Wazee hawakuwa na maneno haya, lakini walikuwa na kazi. Baridi kali iliyounguza mikahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na pesa zikaingia Kangundo na Matungulu, nyasi zikashuka, mabati yakapanda. Watu waliitana kwa mwethya, ile kazi ya pamoja, hawa wakichimba matuta, hawa wakibeba mbao. Mapaa yalikuwa ya pande mbili tu, yenye mteremko mkali, bila mabonde ya kukutanisha miteremko. Sikumbuki paa la wakati huo lililokuwa na mabonde manane juu ya vyumba vitatu, jambo ambalo sasa linaitwa usanifu. Kila bonde hulipiwa mara tatu: bati linalokatwa na kutupwa, flashingi, na fundi wa kuziba baadaye.

Hilo linatufikisha kwenye gharama, ambazo watu huzihesabu kinyume. Wanabana geji, wanafuta foili, wanaacha matundu, kisha pesa hizo hizo wanazitia kwenye umbo la vigae na mabonde. Ukiwa na fedha kidogo, fuata mpango huu. Paa la pande mbili. Bati la mawimbi au la boksi, geji 28, rangi nyepesi. Foili iliyolegea. Matundu juu na chini. Dari, hata la plaiwudi. Gata pande zote mbili, kwa sababu milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Ukambani hakuna paa linaloruhusiwa kumwaga mvua za Oktoba hadi Desemba barabarani. Vigae vya bati, vyenye changarawe au visivyo na changarawe, vingoje hadi hayo yote yamekamilika. Kiyoyozi cha wati 1000 utakilipia kila mwezi hadi ufe. Matundu na foili hulipwa mara moja.

Neno la mwisho ni kwa mwenye nyumba. Usimlipe fundi salio lake asubuhi wala jioni. Mlipe kwenye jua kali la Februari, mkiwa mmekaa wote wawili ndani, mlango umefungwa, mkihesabu noti polepole. Akiomba mtoke nje kabla hesabu haijaisha, rudisha pesa mfukoni na umpe ngazi.