Ombasha, Afande na Nyumba Kumi: Uhakiki wa Dai la Asili ya Kituruki katika Msamiati wa Mamlaka

Sehemu hii inahakiki mazoea ya kuridhika na alama ya "Kituruki" katika kueleza asili ya neno la Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba njia iliyopitiwa na neno si asili yake, na kufanana kwa maana si undugu.

Umbo la Mame-Kituruki *baš, "kichwa", limeundwa upya kutokana na vizalia vyake: baş katika Kituruki cha leo, bas katika Kikazaki na puś katika Kichuvashi. Umbo la Kichuvashi ndilo linalowafanya baadhi ya wataalamu waandike *baĺč. Kutokana na baş, jeshi la Osmani lilipata cheo cha onbaşı, yaani "kichwa cha kumi", na binbaşı, "kichwa cha elfu". Vyeo hivyo vilienea Misri na Sudani. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliajiri askari wa Kisudani mjini Kairo, na jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki likapokea ombasha, shaushi na afande.

Same yafaa kupimia hatima ya maneno hayo. Reli ya Tanga hadi Moshi ilipita hapo, na Mei 1916 Wajerumani walirudi nyuma kuifuata reli hiyo mbele ya majeshi ya Smuts. Chini ya Waingereza, ombasha alimpisha koplo. Afande alibaki, na dereva anayesimamishwa barabarani Same bado humwita askari hivyo. Hata hivyo, efendi ya Kituruki ilitokana na Kigiriki authentes, "mwenye mamlaka". Neno lililobaki, basi, si kizalia cha Mame-Kituruki. Na kizalia chenyewe hakikubaki.

Mtego wa pili uko milimani, Gonja au Mamba: balozi wa nyumba kumi, cheo kilichoanzishwa na TANU miaka ya 1960. Kimaana naye ni "kichwa cha kumi", lakini hakuna umbo linalomuunganisha na onbaşı. Kuwagawa watu kwa makumi ni mbinu ambayo tawala nyingi zimeibuni kila moja kivyake.

Kamusi, kwa hiyo, inapaswa kutaja shina, njia na mbebaji. Ikiandika "Kituruki" peke yake, inamfuta askari wa Kisudani aliyelileta neno, na kuificha historia ya ukoloni Upare nyuma ya jina la lugha.